Leseni Iko Ukutani na Wenzangu Wanakuja Jumapili

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na naomba pia usinicheke, ingawa mke wangu anasema ukinicheka utakuwa na haki yako kabisa. Mimi ni fundi wa kazi ndogondogo za nyumbani, koki inayovuja, kitasa kilichogoma, mlango unaokwaruza sakafu, rafu ya vyombo, na kazi hii naifanya tangu ujana wangu na sina ugomvi na maisha, nyumbani kuna amani, watoto wanasoma, mke wangu ananipenda na mimi nampenda, na shida yangu ni ya furaha, kama ipo shida ya namna hiyo, kwa sababu nimepata kitu kizuri na watu ninaotamani kuwaambia kuliko wote ndio watu nisioweza kuwaambia.

Kazi zetu tunazipatia kijiweni, kwenye kona mbele ya duka la vifaa vya ujenzi. Ukifika asubuhi unaweka kifaa chako kimoja chini, nyuma ya kifaa cha aliyekutangulia, na hapo msumeno, brashi, nyundo na koleo vinatupangia foleni sisi tukiwa tumekaa ukutani tunapiga soga, na mteja akija anaondoka na mwenye kifaa cha mbele, hakuna kurukiana wala kumvuta mteja pembeni. Mimi huweka pima maji yangu, ile ya kupimia usawa, ndiyo maana wananiita Pima. Mkubwa wetu ni Mzee Ngazi, hakuchaguliwa na mtu, ila ana ngazi ndefu kuliko zote na ndiye aliyenifundisha kazi, mbishi, mwepesi wa kukasirika na mwepesi zaidi wa kusahau kwamba amekasirika. Yupo pia Dada Rangi, fundi wa kupaka rangi, mwanamke mwenye mdomo usiokaa na neno hata kidogo, na wengine kadhaa, na hawa wote ni ndugu zangu, nasema ukweli, hawa wamenizikia baba na wamenichezea harusi.

Sasa jiji likatoa amri kwamba kila fundi awe na leseni, na kijiwe kizima kikachemka, kwa sababu ada ya mtu anayebadilisha vitasa ni ileile anayotozwa mkandarasi anayejenga maghorofa, na juu yake kuna kozi, kuna mtihani, kuna bima, na kila mwaka unaanza upya kulipa, na ukikutwa huna, askari wa jiji wanazoa vifaa vyako wanavitupa kwenye gari, basi tukiwaona tunakimbia na nyundo kwapani utadhani tumeziiba. Mzee Ngazi akasimama akasema, "Hakuna hata mmoja wetu atakayelipa mpaka ada ishuke. Tukienda mmoja mmoja watasema si mnaona, wanaimudu." Tukakubali wote tukapeana mikono, na aliyepiga kelele kuliko wote siku ile ni mimi. Tangu hapo Mzee Ngazi kila mwezi huenda ofisi ya leseni kulalamika kwa niaba yetu, na kwa kuwa hawamwiti ndani, yeye hukaa zake kwenye korido kuanzia asubuhi mpaka wanafunga, ili wamchoke.

Kilichonibadilisha ni mteja mmoja aliyetaka nimwekee soketi ya umeme ndani ya bafu, karibu kabisa na bomba la kuogea, ili aweze kuchaji simu huku anaoga. Nikamwambia bosi, hii itakuua. Akaniambia, "Wewe nani wa kunikatalia? Una leseni?" Nikabeba sanduku langu nikashuka kwa ngazi za nyuma, maana sisi mafundi haturuhusiwi kupanda lifti ya wenye nyumba, ghorofa baada ya ghorofa na jua lote limo mle, na njia nzima namjibu yule mtu kichwani, majibu mazuri ambayo hayakuja nilipoyahitaji. Nilipomweleza mke wangu alinitazama, akaweka mkasi chini, yeye ni fundi cherehani, akasema, "Basi baba watoto, kaitafute hiyo leseni, uwe unamkatalia mtu vizuri." Na akatoa akiba aliyokuwa anajiwekea kwa ajili ya cherehani mpya, bila hata kunisimanga, na kama ungemwona siku ile ungejua kwa nini sikuweza kukataa.

Kozi ilikuwa ya alasiri, na mafundi wote alasiri wako kijiweni, sasa nitaaga vipi? Nikawaambia mgongo wangu umeharibika na nakwenda kukandwa. Mshauri, laiti ningejua. Dada Rangi akaninunulia dawa ya kuchua. Mzee Ngazi akakataza nisinyanyue kitu chochote kizito, wakawa wanapokezana kunibebea sanduku la vifaa mpaka kwa mteja, na kazi nyepesi zikitokea wananirusha mbele ya foleni, "Mpeni Pima, mgongo wake huo," na mimi natembea nimejipinda upande, na siku nyingine nasahau nilijipinda upande gani jana. Nikifika darasani najinyoosha. Na nikwambie kitu, niliipenda ile kozi, nilikaa mstari wa mbele, nilijifunza sababu ya mambo ambayo mikono yangu ilikuwa inayafanya bila kuniuliza, na kila nilipojifunza jambo nilitaka kukimbia nikamwambie Mzee Ngazi.

Mtihani wa vitendo ulifanyika uani, palepale ofisi ya leseni. Nilipewa fremu iliyopinda na mlango mpya, niufunge ukae sawa. Nilipima, nikaranda, nikatia bawaba, na nilipousukuma ukajifunga wenyewe kwa kidole kimoja, ile sauti ya kitasa, klik, nilitaka kulia mbele ya wasimamizi. Hata watu waliokuwa wanasubiri huduma kule kwenye korido, yale madirisha yao yanatazama uani, nikasikia wameanza kupiga makofi. Sikugeuka kuwatazama, macho yangu yalikuwa na maji.

Kwa hiyo ninayo leseni, na kitambulisho chenye picha, ambacho asubuhi nakificha ndani ya soksi. Nikipata kazi kwenye maghorofa makubwa, ambako mlinzi hamruhusu fundi asiye na kitambulisho, nainama getini najifanya nafunga kamba za viatu, nakitoa, navaa, napita, na siku hizi napandishwa lifti kama mtu. Ajabu ni kwamba kazi za maghorofa zimeniangukia sana. Zamu ikimfikia Mzee Ngazi na mteja akawa wa ghorofani, anasema, "Aah, nenda wewe Pima, magoti yangu leo hayapandi," na Dada Rangi anacheka. Na mgongo nao, namshukuru Mungu, wameacha kuuliza. Majuzi tulikuwa tunashusha sinki la chuma, wakaniachia mimi upande mzito na hakuna aliyesema pole. Nikashusha pumzi, maana ule uongo ulikuwa umeshanichosha kuliko mgongo mbovu wenyewe.

Sasa maji yamenifika shingoni. Juzi Mzee Ngazi ametangaza kwamba kikao cha safari hii kuhusu suala la leseni hakitakuwa kijiweni, kitakuwa kwangu, Jumapili mchana, "Twende kwa Pima, hatujaketi kwake siku nyingi." Na leseni yangu iko wapi? Mke wangu ameitia kwenye fremu ya kioo na imetundikwa sebuleni, pembeni ya picha yetu ya harusi, na aliyetoboa ukuta ni mimi mwenyewe, nikapima mara mbili ikae sawa. Nimemsihi aishushe siku moja tu, akasema, "Hiyo ikishuka na ya harusi inashuka." Nikapendekeza tutundike kalenda juu yake, akaniuliza kama nataka kulala na kalenda. Na nilipomwambia wageni ni akina nani hasa, hakushtuka, aliingia jikoni nikamsikia anacheka peke yake, na tangu siku hiyo anashona vitambaa vipya vya makochi.

Nifanye nini, mshauri? Nisingizie ugonjwa? Niwaambie kikao kihamie kwingine? Niirudishe leseni ofisini na cherehani ya mke wangu ndiyo basi tena? Siwezi kumvunjia mke wangu heshima yake, na siwezi kuamka asubuhi nikose mahali pa kuweka pima maji yangu. Naomba usitaje jina langu na ubadilishebadilishe mambo kidogo wasije wakanitambua.

Ni mimi, fundi mwenye mgongo mzima.

MSHAURI ANAJIBU

Fundi mwenye mgongo mzima, nimekucheka. Nilijizuia mpaka kwenye dawa ya kuchua, hapo nikashindwa. Sasa nimemaliza kucheka, kaa sawa tuzungumze.

Kutafuta leseni si kosa. Mkeo alikuambia neno zuri, na alilisema huku akitoa akiba yake, na mtu wa namna hiyo haombwi atundike kalenda. Fremu hiyo usiiguse. Usiisogeze, usiifunike, usiipindue itazame ukuta. Kuhusu kuirudisha ofisini, wazo hilo ulilipata ukiwa na hofu, nami nitajifanya sikulisoma. Wewe ni baba wa watoto na ni fundi unayeweza leo kumwambia mteja, hapana, soketi haikai bafuni, na akakusikiliza. Hilo ni jambo kubwa, na nimefurahi nawe kwa dhati.

Lakini kuna mahali umekosea na sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ulipeana mikono na watu, ukapiga kelele kuliko wote, halafu ukazunguka nyuma ya nyumba. Ungeweza kumfuata Mzee Ngazi ukamwambia, mzee wangu, mimi nimebadili mawazo na sababu ni hii. Angekufokea kutwa nzima na kesho yake angekuwa amesahau, wewe mwenyewe umeniambia ndivyo alivyo. Badala yake ukawafanya watu wazima wakubebee sanduku juani. Hapo ndipo pa kuombea radhi, na si kwenye leseni. Usije ukachanganya, ukaomba msamaha kwa kufaulu.

Sasa fungua macho, fundi. Wewe unayeona mlango uliopinda kabla hujaugusa, umeishi na hawa watu kila siku na hujaona kitu? Umeniambia Mzee Ngazi kila mwezi anashinda kwenye korido ya ofisi ya leseni. Halafu umeniambia mtihani wako ulikuwa uani, na madirisha ya korido hiyohiyo yanatazama uani. Halafu ukaniambia watu wa korido walianza kupiga makofi. Mwanangu, watu waliokaa kwenye foleni ya ofisi ya serikali tangu asubuhi hawampigii makofi mtu wasiyemjua kwa kufunga mlango. Mmoja wao alianza. Mmoja aliyekuwa anaijua kazi na anamjua aliyekuwa anaifanya.

Umeona mambo yalivyobadilika baada ya hapo? Mgongo hauulizwi tena, na sinki unaachiwa upande mzito. Hiyo ndiyo adhabu yako, na naiona ni ndogo. Magoti ya mzee yanauma siku za maghorofa tu, wakati ana ngazi ndefu kuliko zote na sijasikia kwamba ameiuza. Anakuachia kazi za kule kwa sababu anajua kuna mlinzi getini na anajua una cha kumwonyesha. Dada Rangi anacheka. Mkeo anacheka jikoni na anashona vitambaa. Mji mzima unacheka isipokuwa wewe, unayeinama kufunga kamba za viatu.

Naweza kuwa nimekosea. Sikai kijiweni kwenu, na barua ni barua. Lakini hata kama hakuna anayejua lolote, ushauri wangu ni uleule, kwa hiyo usiutumie muda wako kutafuta nani kajua na nani hajajua.

Utafanya hivi. Utawaambia kabla ya Jumapili, kijiweni, wote wakiwepo, mchana kweupe. Usimfuate mmoja akakusaidie kuwaandaa wengine. Hutaanza na ada wala na yule mteja wa bafuni, maana hapo utaanza kujitetea na wao wataanza kubisha. Utaanza na mgongo. Utasema mgongo wangu haukuwa na kitu, mlinibebea bure, nisameheni. Kisha utakitoa kitambulisho kwenye soksi mbele yao, kwa aibu hiyohiyo uliyo nayo, na tangu siku hiyo kivae shingoni. Kwa muda, jipange nyuma ya foleni kila asubuhi hata ukiwahi kufika, mpaka wao wenyewe wakuambie inatosha. Na usiwanunulie chakula siku hiyo. Ukiwalisha wataona unawanunua.

Watakasirika? Huenda. Mtu akijua kwamba umemficha, kujua kwake hakuondoi uchungu wa kufichwa. Mzee Ngazi alikufundisha kazi, halafu akauona mtihani wako kupitia dirishani kama mpita njia, kama kweli aliuona. Akikufokea kwa hilo, mwache afoke mpaka amalize, na wewe usijibu.

Halafu kuna kazi, na hii ndiyo ninayoitaka kuliko yote. Malalamiko ya wenzako ni ya haki. Mtu wa kubadilisha vitasa hawezi kutozwa sawa na mjenga maghorofa, na fundi anayeingia kwenye nyumba ya mtu anastahili maji ya kunywa, choo cha kutumia na lifti ya kubebea sanduku, awe na kitambulisho au asiwe nacho. Mzee wako hasikilizwi kwa sababu wanamwona ni mtu anayekwepa kulipa. Wewe umelipa. Wewe umefaulu. Ukikaa pembeni yake kwenye korido ile na kitambulisho chako kifuani, ukasema nimelipa na bado nasema ada hii ni dhuluma, hilo watapata tabu kulipuuza. Mwezi ujao uende naye. Kashinde naye kutwa nzima, ule mchana wote uliokuwa unakwenda kukandwa sasa una matumizi.

Ukiwa hapohapo ofisini, uliza kama sheria inakuruhusu kuwa na wasaidizi chini ya leseni yako, na kwa masharti gani, na bima itawalinda au la. Uliza, na upate jibu la maandishi. Lakini kitambulisho chako usimwazime mtu, hata awe nani, hata akulilie. Akianguka ghorofani akiwa amevaa picha yako, yeye hatalipwa na wewe hutalala usingizi. Dada Rangi atakujaribu, namjua bila kumwona.

Mwisho, uliniomba nibadilishe mambo wasikutambue. Nilijaribu, haki ya Mungu. Nikiondoa ngazi, rangi, pima maji na mgongo, barua yako inabaki na salamu tu. Kwa hiyo inatoka kama ulivyoiandika, na gazeti linatoka Ijumaa. Jibu hili nimekutumia mapema kwenye simu ile uliyoniandikia, usije ukalisoma kwa mara ya kwanza ukichungulia kwenye bega la mtu. Una muda mfupi, lakini unatosha kwa mtu anayejua anachotaka kusema, na wewe umekuwa ukitaka kukisema tangu siku ya kwanza ya kozi.

Nenda kesho asubuhi. Wenzako wamekubebea sanduku, wamekuachia maghorofa, na mimi naamini mmoja wao amekupigia makofi na wewe hukugeuka. Wamekufanyia kila walichoweza. Kukusemea hawawezi, geuka uwaambie.